Saratani na Kipato: Tiba Ipo, Maskini Wanafia Njiani

Mwezi Februari 2024, Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, lilitoa takwimu za saratani ya matiti zinazostahili kusomwa polepole. Katika nchi zenye kiwango cha juu kabisa cha maendeleo ya binadamu, kipimo kinachojumuisha kipato, elimu na umri wa kuishi, mwanamke 1 kati ya 12 hugundulika kuwa na ugonjwa huo katika maisha yake, na 1 kati ya 71 hufa kwa sababu yake. Katika nchi zenye kiwango cha chini, anayegundulika ni 1 kati ya 27, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Kwa hesabu ya haraka, upande wa kwanza kuna takriban kifo kimoja kwa kila wagonjwa sita. Upande wa pili wanakufa zaidi ya nusu ya wanaogundulika. Mwanamke wa nchi maskini ana uwezekano mdogo zaidi wa kuambiwa kwamba ana saratani ya matiti, na bado ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuzikwa nayo.

Wapo wanaoitafsiri tofauti hii kwa misingi ya baiolojia, na hoja yao si ya kupuuzwa. Aina za saratani ya matiti hazilingani kwa ukali, na baadhi ya aina kali huonekana zaidi katika jamii fulani kuliko nyingine. Hata hivyo, baiolojia haiwezi kubeba mzigo wote huu, na ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na kulinganisha saratani zenyewe kwa zenyewe. Kwa saratani ya kongosho, ambayo mpaka leo madaktari wana uwezo mdogo wa kuitibu, tajiri na maskini hufa kwa kasi isiyopishana sana. Kwa saratani ambazo sayansi imezipatia dawa, upasuaji au mbinu ya kuzigundua mapema, pengo kati yao hupanuka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulizipanga saratani kulingana na jinsi zinavyotibika, ukabaini kwamba tofauti za kunusurika baina ya makundi ya jamii zilikuwa kubwa zaidi kwa zile zinazotibika zaidi. Kama umaskini ungekuwa unafanya kazi kupitia miili tu, hali isingekuwa hivyo. Pengo linakua pale tiba inapofanikiwa, kwa sababu mafanikio hayo huwafikia kwanza wenye uwezo wa kuyafuata.

Watoto wanaonyesha jambo hili bila utata. Mtoto hajavuta sigara miaka thelathini, wala hatuwezi kumlaumu kwa mtindo wake wa maisha. Katika nchi zenye kipato kikubwa, zaidi ya 80% ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30%. Dawa nyingi zinazotumika kutibu lukemia ya watoto, yaani saratani ya damu, ni za zamani, zimejulikana kwa miongo kadhaa, na kilichobaki ni kuzifikisha kwa mtoto kwa mpangilio sahihi, bila kukatizwa, huku akilindwa dhidi ya maambukizi. Kinachomtenganisha mtoto anayepona na anayekufa ni utaratibu, na utaratibu huo hauwezi kusimama bila fedha, usafiri, damu ya kuongezewa, na mzazi anayeweza kuacha kazi yake bila kaya nzima kuanguka.

Kabla ya kwenda mbele, inafaa kuweka sawa jambo moja la vipimo, maana mijadala mingi hupotoka hapa. Takwimu ya walioishi miaka mitano baada ya kugundulika inaweza kudanganya. Ukimgundua mgonjwa miaka miwili mapema lakini ukashindwa kubadili siku ya kifo chake, takwimu itaonyesha kwamba ameishi muda mrefu zaidi, ilhali ulichoongeza ni miaka ya kuujua ugonjwa. Kwa hiyo kila anayetaja pengo la kunusurika anapaswa pia kutazama vifo kwa idadi ya watu, yaani wangapi wanakufa katika jamii nzima na si miongoni mwa waliogundulika tu. Katika saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi na ya utumbo mpana, ushahidi wa vipimo vyote viwili unaelekea upande mmoja: wasio na uwezo hugundulika wakiwa katika hatua za juu zaidi, na hufa kwa wingi zaidi ukilinganisha na idadi ya wanaougua.

Hapo ndipo huibuka kauli iliyozoeleka mno katika vikao vya afya, kwamba wagonjwa maskini wanakuja hospitali wakiwa wamechelewa. Kauli hiyo ni kweli kwa namba na ni ya kuonea kwa maana. Inamfanya mgonjwa kuwa mtenda wa kuchelewa, kana kwamba alikaa nyumbani akiutazama uvimbe ukikua kwa hiari yake. Ukiifuatilia njia aliyopita, mara nyingi unakuta alikwenda mapema. Alikwenda katika kituo cha karibu, akapewa dawa ya maumivu au antibiotiki, akaambiwa arudi ikizidi. Ilipozidi akarudi, akapewa barua ya rufaa. Barua ilimpeleka hospitali iliyo mbali, akafika siku ambayo daktari wa kliniki hiyo hayupo, akapangiwa siku nyingine. Kibarua anayelipwa kwa siku hupoteza ujira wa siku nzima kwa kila safari, na hakuna mahali popote katika faili lake panapoandikwa kwamba wiki zile zilikwenda kwa kuzungushwa. Faili huandika hatua ya tatu au ya nne, yaani hatua za mwisho za ugonjwa, na neno linalobaki katika ripoti ni kuchelewa.

Watafiti wa huduma za saratani hugawa muda huo katika vipande: tangu dalili ya kwanza hadi mgonjwa kuonana na mhudumu wa afya, tangu hapo hadi uthibitisho wa maabara, na tangu uthibitisho hadi tiba ya kwanza. Mgawanyo huu una faida kubwa kwa sababu unaonyesha nani ana dhamana ya kila kipande. Kampeni za kuhamasisha watu zinaweza kufupisha kipande cha kwanza tu. Vipande viwili vinavyofuata vimo mikononi mwa mfumo wa afya, na huko mgonjwa hana la kufanya zaidi ya kulipa, kusafiri na kusubiri.

Kipande cha katikati, cha maabara, ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili macho makali zaidi. Tuchukue mwanamke aliyegundua uvimbe kwenye titi na akafika kwa daktari anayeweza kumtoa kwa sindano kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Kinyama hicho kinapaswa kuwekwa bila kuchelewa kwenye fomalini, kimiminika cha kuhifadhi sampuli, yenye ujazo wa kutosha, na kikae humo kwa saa zinazotakiwa, si pungufu wala si siku nyingi kupita kiasi. Baadaye hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, na mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayetambua ugonjwa kwa kuchunguza sampuli, hukisoma kwa hadubini. Jibu la kwanza husema kama ni saratani au siyo, lakini jibu hilo halitoshi kuchagua tiba. Kinahitajika kipimo kingine cha vipokezi vya homoni (sehemu za chembe za saratani zinazonasa homoni) na cha protini ya HER2 (inayochochea uvimbe kukua), ambacho katika mazingira mengi hulipiwa peke yake, na sampuli huenda ikasafirishwa hadi maabara nyingine iliyo mbali. Mwenye bima kamili hata hajui kwamba kuna malipo mawili. Asiye nayo husimama hapo akitafuta fedha, huku uvimbe ukiendelea.

Tena kuna hatari isiyoonekana kabisa kwa mgonjwa. Kinyama kikichelewa kutiwa fomalini, au kikihifadhiwa vibaya, vipokezi vya homoni vinaweza kuharibika kiasi kwamba maabara itoe jibu kuwa havipo wakati vilikuwepo. Mgonjwa huyo atanyimwa tamoksifeni, dawa ya vidonge inayozuia homoni kuichochea saratani, iliyoko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo kwa saratani zenye vipokezi hivyo, ikitumiwa kwa miaka mitano, hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Hakuna atakayemwambia kwamba alikosa dawa yake kwa sababu chupa ya fomalini ilikosekana pale alipotolewa kinyama. Kifo chake kitaingizwa katika takwimu za saratani kali isiyosikia homoni, na pengine siku moja kitatumiwa kuthibitisha kwamba tofauti ni ya kibaiolojia.

Hata jibu likishapatikana, muda haukomi kuhesabiwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliojumuisha tafiti 34 na wagonjwa zaidi ya milioni 1.2, ulikuta kwamba kila wiki nne za kuchelewa kufanyiwa upasuaji huongeza hatari ya kifo kwa 6% hadi 8%. Wiki nne ni muda mfupi sana kwa mtu anayeuza shamba, anayeomba ndugu wamchangie, au anayesubiri mashine ya mionzi itengenezwe. Takriban nusu ya wagonjwa wote wa saratani huhitaji tiba ya mionzi katika hatua fulani ya matibabu, na bado zipo nchi ambazo hazina hata mashine moja. Mahali ilipo, tiba hiyo hutolewa kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, jambo ambalo kwa anayeishi mbali lina maana ya kupanga chumba au kulala kwa jamaa kwa muda wote huo. Gharama ya chumba hicho haimo katika bili ya hospitali, na kwa sababu hiyo haimo katika mipango ya wengi wanaojadili bei ya matibabu.

Ndivyo tiba inavyokatizwa. Mgonjwa huanza mizunguko sita ya tibakemikali, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, hufika wa tatu, uvimbe ukaonekana kupungua, na fedha zikaisha. Hutoweka kwenye kliniki, kisha hurudi miezi kadhaa baadaye akiwa na ugonjwa uliosambaa. Madaktari wa watoto wana jina rasmi kwa jambo hili, kuacha matibabu, nao hulihesabu miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wenye saratani katika nchi maskini. Nadhani wanafanya vizuri kulihesabu. Ningependa tu hesabu hiyo iambatane kila mara na sababu iliyomfanya mzazi aache, kwa maana ni nadra mzazi kuacha kumtibu mwanawe akiwa bado ana njia.

Kuhusu fedha zenyewe, utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nane za Kusini Mashariki mwa Asia na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa 9,513 kwa mwaka mmoja tangu walipogundulika. Mwaka ulipokwisha, 29% walikuwa wamekufa, na wengine 48% walikuwa hai lakini kaya zao zimeingia katika janga la kifedha, yaani gharama za matibabu zilikuwa zimemeza sehemu kubwa ya kipato chao cha mwaka. Waliobaki, walio hai na wasiofilisika, hawakufika robo. Uhusiano huo unakwenda pande zote mbili. Katika jimbo la Washington, Marekani, wagonjwa wa saratani waliotangaza kufilisika mahakamani walikutwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa 79% kuliko wagonjwa wanaofanana nao ambao hawakufilisika. Ugonjwa huleta umaskini, na umaskini ukishaingia huurudia ugonjwa na kuuongezea nguvu. Wanaobaki nyuma hubeba deni hilo: mwaka 2020 pekee, inakadiriwa watoto zaidi ya milioni moja duniani walifiwa na mama zao kwa sababu ya saratani, wengi wao wakiwa Asia na Afrika.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba bima kwa wote ingemaliza tatizo. Bima ni sharti la kwanza, na aibu ni kwamba bado haijafika: katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliohusisha nchi 115, ni 39% tu zilizokuwa zimeingiza misingi ya huduma za saratani katika huduma za msingi za afya zinazogharimiwa kwa wananchi wote, na kwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ni 28%. Lakini hata Uingereza, ambako hakuna anayelipia upasuaji wala mionzi katika huduma ya umma, wakazi wa maeneo maskini wameendelea kunusurika kwa kiwango cha chini kuliko wa maeneo yenye neema. Zaidi ya hapo, watafiti wa Marekani walichunguza wagonjwa walioingizwa katika majaribio ya dawa, mahali ambapo utaratibu wa matibabu ni mmoja na ufuatiliaji ni wa karibu, wakakuta kwamba waliotoka katika maeneo yenye dhiki bado walikufa mapema zaidi.

Sababu zake ni nyingi, na baadhi zinajulikana vizuri. Mtu aliyeishi katika dhiki hufika kwa daktari wa saratani akiwa tayari na kisukari, shinikizo la damu au mapafu yaliyochoka, hivyo hupewa dozi pungufu au huonekana hafai kwa upasuaji mkubwa. Hula vibaya katikati ya tibakemikali. Anapopata homa usiku, dalili ambayo kwa mgonjwa aliyeishiwa chembe nyeupe za damu ni ya dharura, husubiri mpaka asubuhi kwa kuwa hana usafiri. Na mara nyingi hana lugha ya kubishana na daktari, kuuliza kama kuna njia nyingine, au kudai majibu yaliyochelewa. Msomi mwenye namba ya simu ya daktari hupata huduma tofauti katika hospitali ileile, kwa bima ileile, na kila aliyewahi kumsindikiza mgonjwa anajua hivyo.

Kama pengo hili limejengwa na vikwazo vinavyotajika, basi linaweza kubomolewa kwa kuviondoa, na hilo limeshafanyika. Katika hospitali ya umma ya Harlem, New York, daktari wa upasuaji Harold Freeman alichapisha mwaka 1989 matokeo ya wanawake 606 waliotibiwa saratani ya matiti kati ya 1964 na 1986. Wengi wao walikuwa maskini na weusi, karibu nusu walifika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, na walioishi miaka mitano walikuwa 39%. Hospitali ilifungua uchunguzi wa matiti wa bure au wa gharama ndogo, na mwaka 1990 ikaanza kuwapa wagonjwa waelekezi, yaani watu ambao kazi yao ilikuwa kumshika mkono mgonjwa tangu jibu la kutia shaka hadi tiba: kumtafutia malipo, kumkumbusha miadi, kumsaidia kujaza fomu, kumfuata asipotokea. Wagonjwa waliotibiwa kati ya 1995 na 2000 walitoka katika jamii ileile yenye dhiki. Waliofika katika hatua ya tatu au ya nne walishuka hadi 21%, na walioishi miaka mitano wakafika 70%. Sehemu ya ongezeko hilo inaweza kutokana na kasoro ya kipimo niliyoieleza hapo juu, na sehemu nyingine kutokana na dawa bora zilizokuja katika kipindi hicho, lakini kupungua kwa waliofika wakiwa wameshaharibikiwa hakuwezi kufutwa kwa maelezo hayo.

Jimbo la Delaware, Marekani, lilikwenda mbali zaidi, kwa saratani ya utumbo mpana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilianza kulipia uchunguzi kwa wasio na bima, likaweka wauguzi waelekezi, na likaongeza kitu ambacho programu nyingi hukisahau: liligharimia pia matibabu ya wasio na bima watakaokutwa na saratani, hadi miaka miwili. Kati ya 2002 na 2009, Wamarekani weusi waliofanyiwa uchunguzi waliongezeka kutoka 48% hadi 74%, wakawa sawa na weupe, na tofauti ya vifo baina ya makundi hayo ikakaribia kwisha. Hapa tunazungumzia vifo kwa idadi ya watu, si miaka mitano tangu kugundulika, kwa hiyo shaka ya kipimo haina nafasi.

Uamuzi wa kulipia matibabu ndio ninaouona kuwa kiini. Kumpima mtu, kumwambia ana saratani na kumwacha atafute fedha mwenyewe ni ukatili uliovalishwa jina la huduma, na ni desturi ya kampeni nyingi mno za siku moja zinazofanyika chini ya mahema na kuondoka na vifaa vyake jioni. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wa kutokomeza saratani ya mlango wa kizazi una malengo matatu ya kufikiwa ifikapo 2030: wasichana 90% wawe wamechanjwa, wanawake 70% wawe wamepimwa, na 90% ya wanaokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Lengo la tatu ndilo linalompa mwanamke aliye mgonjwa leo sababu ya kujitokeza kupimwa, na serikali inayotangaza idadi ya waliopimwa bila kutangaza idadi ya waliotibiwa haijaeleza lolote kuhusu maisha yaliyookolewa.

Hali hiyohiyo inahusu dawa mpya. Tiba zinazouamsha mfumo wa kinga wa mwili upambane na saratani, na dawa zinazolenga chembe za saratani zimebadili mwelekeo wa baadhi ya saratani za ngozi, mapafu na damu, na ni haki kuzishangilia. Ila kila moja inapoingia kupitia mifuko ya wachache, hupanua pengo kwa kiasi kilekile inachookoa maisha. Anayepanga bajeti ndogo ya saratani atatumia fedha vizuri zaidi akianza na fomalini, kipimo cha vipokezi kisicholipiwa na mgonjwa, nauli, chumba cha kulala karibu na mashine ya mionzi, na mshahara wa waelekezi. Hivi havina uzinduzi wa kuvutia wapiga picha, lakini bila hivyo hata dawa mpya ikitolewa bure itamfikia mgonjwa akiwa ameshapitwa na wakati wa kufaidika nayo.

Kuna hatua moja ambayo haihitaji kusubiri bajeti kubwa. Rejesta za saratani, yaani daftari rasmi za wagonjwa, zirekodi, kwa kila mgonjwa, tarehe nne: aliyofika mara ya kwanza katika kituo chochote cha afya kwa dalili hiyo, aliyotolewa kinyama, aliyopewa jibu kamili, na aliyoanza tiba. Zirekodi pia nani alilipa, na kama tiba ilikamilika. Taarifa hizo zichapishwe kila mwaka zikiwa zimegawanywa kwa kipato au kwa eneo analotoka mgonjwa, hospitali kwa hospitali, ili ionekane wazi wiki zilizopotea zilipotelea mezani kwa nani.